Tamko Langu la Desemba

Ni majira ya senene. Nimekaa jikoni hapa Rubya, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, nikiwanyonyoa mbawa na miguu, na kando ya ungo nimeweka daftari langu la mwaka. Tangu nistaafu ualimu mwaka 2022, kila jioni naandika mambo matatu: kilichoingia, kilichotoka, na neno moja la siku hiyo. Kesho kutwa ni tarehe 31 Desemba 2024, na daftari limebakiwa na kurasa mbili.

Tarehe hiyo ina maana nyingine ambayo wengi wetu vijijini hatuifahamu. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995, inamtaka kila kiongozi wa umma, kuanzia diwani hadi rais, ajaze fomu ya Tamko la Rasilimali na Madeni na kuiwasilisha kwa Kamishna wa Maadili kabla mwaka haujafungwa. Aandike nyumba zake, mashamba yake, magari yake, fedha zake benki na anachodaiwa. Fomu hizo hazitangazwi gazetini wala kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata. Zinajazwa, zinapelekwa, mwaka unaisha.

Mimi sina cheo cha umma. Lakini nimefundisha miaka 38, nimekula mshahara wa kodi za watu, na nimeona ni haki nami nitoe tamko langu. Nitaanza na rasilimali, kwa kuwa mwaka huu nimeipata.

Nina kibanja cha ekari moja na nusu. Migomba na mibuni imechanganyika humo kama alivyoiacha baba mkwe, na chini tumetandaza majani. Kwa msomaji wa Mtwara au wa Lamu niseme kwamba kahawa yetu ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta. Tunaichuma kati ya Mei na Septemba, tunaianika juani na ganda lake, na tunaiuza hivyo hivyo ikiwa imekauka. Ndiyo maana tunaiita maganda. Gunia la maganda ndilo ada ya shule, ndilo bati, ndilo jeneza, ndiyo mahari.

Mwaka huu bei ya kilo niliyolipwa ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya mwaka 2021. Sikuwa nimeongeza mbuni hata mmoja. Ukame uliikumba Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa robusta, na mwezi Septemba bei katika soko la London ilikuwa juu ya dola 5,000 kwa tani. Huku kwetu nako kahawa siku hizi hupita kwenye chama cha msingi na kupigwa mnada, wanunuzi wakishindana mbele ya macho ya watu. Vitu viwili vilikutana, wingu la mbali na utaratibu wa karibu. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia wanasiasa wakijipa sifa yote, na nimewasikia wapinzani wao wakisema Serikali haikufanya lolote. Mvua isiyonyesha Vietnam si kazi ya mwanasiasa. Mnada ni kazi ya sera, na bila mnada bei ile ya London ingeishia mfukoni mwa mtu mwingine kabla haijafika Muleba.

Huyo mtu mwingine namfahamu. Huku biashara yake tunaiita butura. Mwaka 2009 mume wangu alikuwa kitandani na mshahara wangu ulikuwa umeishia kwenye dawa. Mwezi Januari akaja mnunuzi mmoja, akatembea kati ya mibuni, akatazama matawi yenye punje changa za kijani, akanihesabia shilingi 120,000 mkononi. Julai walikuja vijana wake na magunia matano tupu, wakaondoka yamejaa. Mibuni ilikuwa yangu, jembe lilikuwa langu, majani niliyatandaza mimi, na kahawa ilikuwa ya mtu. Watoto wangu walisimama mlangoni wakitazama, na yule mdogo akaniuliza kwa nini hatuwafukuzi. Nilikosa la kumjibu, mimi mwalimu.

Uharamu wa butura umetangazwa mara nyingi, lakini bado inatembea, na inatembea zaidi katika wiki hizi hizi za Desemba na Januari. Sababu yake ni kalenda. Shule zinafunguliwa Januari, kahawa inaiva Mei. Mzazi anayetakiwa sare, madaftari na ada ndani ya wiki mbili hana muda wa kusubiri London. Kukamata wanunuzi ni sawa, lakini mzazi anahitaji pia mahali pa kukopa kwa riba ya kibinadamu, kwa dhamana ya kahawa yake mwenyewe, kabla hajamwendea mtu wa butura. Kuna vyama vya msingi vinavyojaribu. Ningetamani kuona kila chama kinafanya hivyo kwa mikopo midogo ya Januari. Mwaka huu wenye bei nzuri ndio ulikuwa wa kuweka akiba ya mfuko huo. Sijui kama mwingine kama huu utakuja karibuni.

Bei ilipopanda, wezi nao walisikia. Kuanzia Juni tulilala kwa zamu nje ya nyumba kulinda majamvi ya kahawa. Vijana wa kitongoji walipewa filimbi. Jirani yangu, mzee ambaye wote tunamwita Ta kwa heshima ya umri wake, alikaa usiku mzima kwenye kigoda na mkuki wa baba yake magotini. Hakuna gunia lililopotea kitongojini kwetu.

Lakini siku chache kabla ya kuanza zamu hizo, tarehe 30 Mei, huko Kamachumu katika wilaya hii hii ya Muleba, mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani kwao jioni. Alikuwa na ualbino. Siku 18 tulisikiliza redio. Tarehe 17 Juni mwili wake ukapatikana ndani ya mfuko, chini ya kalavati, ukiwa umepungukiwa na viungo. Katika daftari langu, mbele ya tarehe hiyo, safu ya kilichoingia na safu ya kilichotoka ziko tupu. Kwenye neno la siku nimeandika: mtoto.

Mwisho wa mwezi huo watu tisa walifikishwa mahakamani Bukoba kwa shtaka la mauaji. Miongoni mwao walikuwamo baba mzazi wa mtoto na padri, paroko msaidizi. Ninapoandika haya kesi haijaamuliwa, na mimi si hakimu. Mshtakiwa ana haki yake hadi mahakama iseme. Ila siwezi kuficha jinsi orodha ile ilivyotutikisa. Mimi ni Mkatoliki niliyekua kwa kengele ya Seminari ya Rubya, seminari aliyosomea Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kufanywa kardinali, mwaka 1960. Hapa padri akipita, mtoto humkimbilia kupokea baraka. Jumapili iliyofuata niliona mama mmoja akimshika mwanawe mkono asikimbie. Hakusema neno. Alimshika tu.

Yapo mambo ambayo kila nyumba inapaswa kuyafahamu, na nayaandika hapa kama nilivyokuwa nikiyaandika ubaoni. Ualbino ni hali ya kurithi. Baba na mama wote wawili huwa wanabeba asili yake, hata kama wao ni weusi kama chungu, na mtoto anayeipata kutoka kwa wote wawili huzaliwa mwili wake ukitengeneza kidogo sana, au usitengeneze kabisa, ile rangi inayolinda ngozi na macho dhidi ya jua. Basi. Si laana ya mama, si mzimu, si mwana wa mzungu. Katika Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana hali hii, wingi unaozidi sana ule wa Ulaya. Anachohitaji ni kofia, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, kiti cha mbele darasani ili aone ubao, na majirani.

Viungo vyake havina utajiri ndani yake. Anayeviuza anauza uongo, na anayevinunua ni mtu mwenye fedha, kwa maana maskini wa Muleba hana uwezo wa kununua kitu cha bei hiyo. Hapo ndipo usalama, uchumi na siasa vinaposhikana mikono gizani. Kabla ya uchaguzi mkuu wa 2015 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionya kwamba kura zinapokaribia, hatari kwa watu wenye ualbino huongezeka, kwa sababu wapo wanaotafuta vyeo kwa waganga. Mwaka ujao, 2025, ni wa uchaguzi mkuu. Naomba onyo hilo lirudiwe sasa, na lirudiwe na wagombea wenyewe, kila mmoja kwa mdomo wake, jukwaani.

Usalama nilioufahamu nikiwa msichana ulikuwa na mpaka. Nilikuwa na miaka 16 majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuikalia ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu wa Missenyi waliteremka kusini na mbuzi, na vitanda kichwani, na watoto mgongoni. Nyumbani kwetu walilala watu 11 kwa miezi kadhaa na hakuna aliyeulizwa dini wala kabila. Adui alikuwa ng'ambo, ana sare, ana jina. Hata baadaye, baada ya wakimbizi wa Rwanda kuvuka Rusumo mwaka 1994 na silaha kuzagaa katika ukanda huu, majambazi walijificha katika misitu ya kuelekea Biharamulo, na mabasi yalipita yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Tulijua hatari inaanzia wapi na inaishia wapi. Aliyemchukua mtoto Kamachumu hakuvuka mto wowote. Ndugu wa kumlinda na mtu wa kumdhuru wanajua njia moja ya kufika mlangoni.

Vita vile vilinifundisha pia kwamba usalama una gharama na gharama ina mlipaji. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 tulicheza ngoma. Kisha Mwalimu Nyerere akatuambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Tuliifunga miaka mingi zaidi ya hiyo. Nakumbuka foleni za sabuni na sukari, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi. Mikanda ile ilituuma, lakini tulivumilia kwa kuwa tuliamini waliotuambia tuifunge nao wamefunga. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewakataza viongozi kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba, kuwa na hisa katika makampuni. Mwaka 1991, kule Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa. Tangu hapo kiongozi anaruhusiwa kuwa na mali hizo, na tangu sheria ile ya 1995 anatakiwa azitaje kwenye fomu.

Sukari imetajwa hapo juu, na mwaka huu imerudi daftarini kwangu. Januari na Februari nilinunua kilo moja kwa zaidi ya shilingi 4,000, ilhali Serikali ilikuwa imetangaza bei elekezi kati ya 2,700 na 3,200. Na mkoa wetu una kiwanda chake cha sukari, kule Missenyi! Wakubwa walisema mvua kubwa zimezuia miwa kuvunwa, nami naamini, kwa kuwa mvua ile niliiona. Swali lililobaki ni nani alipewa vibali vya kuagiza sukari ya nje na kwa vigezo gani. Juni hoja hiyo iliwaka bungeni. Mbunge wa Kisesa, Luhaga Mpina, alimtuhumu Waziri wa Kilimo kulidanganya Bunge, na mwisho wake mbunge huyo akasimamishwa vikao 15 kwa kuupeleka ushahidi wake kwa waandishi wa habari. Inawezekana alivunja kanuni. Lakini sisi tuliokuwa tukinywa chai chungu tulitaka jibu la vibali kwanza, adhabu baadaye.

Kagera tuna sababu ya kudai majibu ya fedha. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipiga Bukoba, watu wasiopungua 17 wakafa, nyumba kwa maelfu zikabomoka. Ukuta wa chumba changu ulipasuka kuanzia dirishani hadi sakafuni. Ufa ule upo mpaka leo. Watanzania walichanga, wanafunzi walichanga, nchi jirani zilichanga. Kabla mwezi haujaisha Rais Magufuli alitengua uteuzi wa maofisa wawili wakubwa wa mkoa na manispaa, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Nilikuwa darasani siku hiyo. Mwanafunzi wa darasa la sita aliyekuwa analala chini ya turubai aliniuliza kama ni kweli.

Na miaka kumi imetimia mwezi huu tangu Desemba 2014, Rais Kikwete alipomwondoa Profesa Anna Tibaijuka katika Wizara ya Ardhi kwa ajili ya shilingi bilioni 1.6 alizopokea katika sakata la fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Alikuwa mbunge wa Muleba Kusini, mwanamke msomi aliyeongoza shirika la Umoja wa Mataifa, na wengi hapa tulijivunia naye. Yeye alieleza kwamba ulikuwa mchango kwa shule ya wasichana. Mimi nimefundisha wasichana na najua shule zinavyohitaji fedha. Hata hivyo waziri hapokei mchango wa kiasi kile kutoka kwa mfanyabiashara kupitia akaunti yake mwenyewe. Kama ulikuwa wa shule, mlango wa shule ulikuwepo. Nasema hivyo kwa masikitiko, na ningesema hivyo hivyo mbele yake.

Si fedha tu zinazodai majibu. Septemba mwaka huu Ali Mohamed Kibao, kada wa chama cha upinzani cha Chadema, alishushwa ndani ya basi la kwenda Tanga na watu wenye silaha, mbele ya abiria. Kesho yake alikutwa amekufa. Rais Samia aliagiza uchunguzi. Mwaka unaisha na sijasikia aliyefikishwa mahakamani. Nimekwisha kusema kwamba kwa mtoto wa Kamachumu watu walikamatwa ndani ya mwezi; polisi wetu, basi, wakitaka wanaweza.

Novemba 27 nilipiga kura ya serikali za mitaa. Katika karatasi moja niliyopewa palikuwa na jina moja tu, nami nikatakiwa kusema Ndiyo au Hapana. Wengine walikuwa wameenguliwa, na sababu tuliyosikia ni makosa ya kujaza fomu. Nchi nzima CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji na mitaa. Yule aliyepita kwetu ni kijana mzuri, nilimfundisha kusoma, huenda angeshinda hata wangekuwa watano. Sasa hatajua kamwe, na sisi hatutajua. Hilo ndilo alilonyang'anywa yeye pia. Mtu aliyeenguliwa kwa kosa la kalamu leo amekaa kilabuni kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, haji mkutanoni. Mwezi huu, usiku wa zamu ya ulinzi nitakayoieleza, tulimkosa.

Nakuja kwenye madeni, kwa kuwa tamko bila madeni ni nusu ya tamko. Nadaiwa shilingi 85,000 za mbolea na chama changu cha msingi, nitazilipa Juni. Nadaiwa pia lile jibu la mwanangu la mwaka 2009. Na kwa mtoto wa Kamachumu nadaiwa kitu ambacho sina namna ya kukilipa. Mwaka mzima nilikuwa napita njia ya Kamachumu kwenda mjini, nilijua kuna familia zenye watoto wenye ualbino katika wilaya yetu, na sikuwahi kusimama kwenye mkutano wowote nikauliza nani anawalinda. Kuhusu kahawa nilisimama mara tatu. Nimehesabu.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanakijiji. Wa kwanza wa uongozi mpya unatarajiwa Januari. Nitakuwepo na maswali mawili, la fedha na la watoto. Nimemwambia mwenyekiti mapema, kwa adabu, asije akadhani namvizia. Alinijibu, "Karibu, Ma Mwalimu, lete yote."

Katika kitongoji chetu mtoto mmoja mwenye ualbino amerudi kutoka bweni kwa likizo ya Krismasi. Anapenda senene, na hawa ninaowanyonyoa nusu yao ni wake. Tumepanga zamu, nyumba nne kila usiku, hadi katikati ya Januari atakaporudi shuleni. Yule Ta wa mkuki ameomba zamu mbili. Filimbi ni zile zile za kahawa. Kama kijijini kwako yuko mtoto kama huyu, usisubiri mkutano. Nenda leo kwa wazazi wake, uwaulize wanalalaje.